Wanaopita na Kurudi

Mtoni kwa Azizi Ally, ninakoishi, muuza samaki hupita asubuhi kabla jua halijakolea. Ametoka Feri alfajiri, tenga limefungwa nyuma ya baiskeli, juu yake kaweka gunia bichi ili vibua na changu wasipigwe jua. Adhuhuri hupita kijana mwenye cherehani begani, anagonganisha mkasi ili mwenye suruali iliyochanika amsikie akiwa ndani. Baada yake huja mnunuzi wa chuma chakavu na mkokoteni wake, kisha mpakaji wa rangi za kucha, na alasiri watu wakishatoka msikitini anaingia muuza kahawa, dele mkono mmoja, vikombe vinagongana mkono wa pili. Hakuna hata mmoja wao anayelala mtaa wetu. Wanatoka Keko, Tandika, Yombo, Buza. Lakini ukitaka kujua nani mtaani kwetu anaumwa, nani ana chumba cha kupangisha, binti wa nani amechumbiwa na upande gani wa jiji, waulize hao kabla ya kumwuliza mjumbe wa nyumba kumi.

Jirani yangu mmoja ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Keko, ambaye miguu imemnyima safari. Daladala kwake ni mateso, bajaji ni gharama. Ndugu zake wa Keko nao wana mambo yao. Anayewaunganisha ni yule muuza samaki, kwa sababu njia yake ya kila siku inaanzia Feri, inapita Keko na Chang'ombe, inamalizikia huku kwetu. Ndiye aliyemletea habari kwamba dada yake amelazwa, wakati watoto wa huyo dada bado wanahangaika hospitali na hawajamkumbuka mtu wa kumpigia simu. Mama akafungua pindo la khanga, akatoa hela, akamkabidhi pamoja na doti mpya ambayo hata haijakatwa. Kesho yake asubuhi, kabla ya kutaja bei ya samaki, muuza samaki alianza na majibu: hela imefika, mgonjwa kaamka, kala uji, anakusalimu sana. Nilikuwepo kibarazani. Kilichonigusa ni jinsi jambo lile lilivyokuwa la kawaida kwao wote wawili. Hakuna aliyeomba ujira. Mama akachagua vibua vyake, akasema atalipa Ijumaa, na muuza samaki akapanda baiskeli.

Tunapoueleza mji huu huwa tunaanza na waliotulia. Nani ana hati ya kiwanja, nani mtoto wa mjini, ukoo gani ulikuwepo tangu Mzizima, kabla Sultani Majid hajaanza kujenga hapa katika miaka ya 1860. Ni historia njema na naipenda. Baba yangu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na nimekua nikiisikia. Lakini mitaa ya watu waliotulia, ikiachwa yenyewe, haijuani. Mtu wa Mbagala na mtu wa Tandale wanaweza kuzeeka katika jiji moja bila kukutana hata siku moja. Kinachowafanya wawe watu wa mji mmoja ni mtu wa tatu, ambaye si wa Mbagala wala si wa Tandale, ila kote kuwili anaitwa kwa jina lake.

Nasisitiza hapo pa kuitwa kwa jina. Kupita peke yake hakuungi kitu. Mtalii hupita, tapeli naye hupita. Anayeunga ni yule ambaye kila mtu anajua kuwa kesho, au Ijumaa, au msimu ujao, atarudi, na akirudi ataulizwa. Nimeliwaza jambo hili kwa miaka na kila ninapogeuka naona ushahidi wake, ndiyo maana nimeamua kuliandika kwa urefu.

Kariakoo wamelifanya kuwa mtaji. Kijana asiye na shilingi anafika asubuhi kwa tajiri wa Mtaa wa Kongo, anapewa mashuka au vyombo vya plastiki kwa mali kauli. Hakuna maandishi, hakuna nyumba iliyowekwa rehani. Tajiri anataja bei yake, na jioni kijana arudishe bei hiyo au arudishe mzigo. Kinachozidi, kile wanachokiita cha juu, ni chake. Huko mitaani naye anakopesha. Mama wa Mtoni anachukua shuka leo, analipa nusu, iliyobaki inaandikwa kwenye daftari la shule mpaka mwisho wa mwezi. Kijana huyo, kwa hiyo, ametembea na imani mbili: ya tajiri ambaye hatamwona mama wa Mtoni maisha yake yote, na ya mama ambaye hajui hata sura ya tajiri. Akitoroka, zote mbili zinakufa siku hiyo hiyo, na machinga atakayekuja nyuma yake atakuta milango imefungwa. Asipotoroka, anakuwa ndiye njia pekee ambayo mkopo unasafiri kutoka duka la Kariakoo hadi chumba cha uani Mtoni, bila fomu na bila mdhamini.

Na Kariakoo inastahili kuwa mahali pa jambo hili. Eneo lile lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na jina lake limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho, Carrier Corps. Wale walibebeshwa mizigo ya vita. Kabla yao kulikuwa na wapagazi wengine, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea kutafuta faida. Katika karne ya 19 misafara yao ilishuka kutoka Unyanyembe hadi pwani na pembe za ndovu mabegani, Bagamoyo ikiwa mwisho wa njia kuu, ikarudi bara na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, kwa safari ya miezi. Mbele alitangulia kirangozi, mtu aliyejua wapi pana maji, wapi pana njaa mwaka huu, na mtemi gani anatoza hongo kiasi gani ili msafara upite. Wakwere, Wasagara, Wagogo, kila watu waliokaa kando ya njia hiyo walikuwa na habari zao na lugha yao. Wapagazi ndio waliozichukua habari hizo kutoka kwa hawa kwenda kwa wale, na Kiswahili kikawa kinatembea nao bila mtu kukitungia mpango.

Sasa fikiria shida ya watu wa namna hiyo. Mtu akiishiwa chakula katikati ya nchi ya wengine, atakula kwa nani? Akifa, nani atamzika? Wazee wengi, na waandishi wa historia pia, huufungamanisha utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani na njia hiyo ya misafara. Mtani alikuwa na haki ya kuchukua chakula bila kuitwa mwizi, haki ya kutukana bila kupigwa, na wajibu wa kushika jembe mwenzake akifa. Ulikuwa mkataba wa waliokaa na wanaopita, na ulidumu kwa sababu misafara ilirudi. Leo mimi nakulisha wewe Uzaramoni, kesho kutwa mwanangu atakuwa kwenu.

Baba alipofariki tulimzika Kisarawe. Jirani yetu mmoja wa Mtoni, mzee wa Kinyamwezi kutoka Tabora, dereva wa malori aliyestaafu, alikuja na Coaster ya waombolezaji. Maiti ilipokwisha kuswaliwa na wanaume wakataka kuliinua jeneza, mzee akajilaza chini, mbele yao, kanzu nyeupe na vumbi jekundu. "Huyu Mzaramo ana deni langu. Hatoki hapa mpaka nilipwe!" Shangazi zangu, ambao tangu jana yake hawakuwa wameinua nyuso, walicheka huku wanalia. Mmoja akamrushia ukanda wa khanga, akamwambia ainuke na ulafi wake. Zikachangwa hela, akazihesabu kwa sauti, akasema hazitoshi, akaongezewa, akainuka. Halafu yeye huyo huyo akawa wa kwanza kuweka bega chini ya jeneza, na kaburini alikuwa miongoni mwa walioshuka kumpokea baba. Usiku alikaa kwenye jamvi na kaka zangu mpaka wa mwisho alipolala.

Sijawahi kuona mtu akitufariji kwa kiasi kile. Na haki ile ya kutufanyia mzaha siku ngumu kuliko zote hatukumpa sisi. Tuliirithi, yeye na sisi, kutoka kwa watu waliotembea kwa miguu wakiwa na mizigo mabegani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Njia yenyewe imekwisha kufunikwa na lami na reli, lakini undugu wake bado unabeba majeneza.

Upande wa bahari, pepo ndizo zilizopanga safari. Kaskazi ilivuma kuanzia Desemba na kuleta majahazi ya Uarabuni na Ghuba, kusi ilipoanza baada ya miezi kadhaa ikayarudisha, baadhi yakiwa yamebeba boriti za mikoko ya Rufiji. Nahodha hakuweza kuondoka siku aliyotaka. Alikaa akisubiri upepo ugeuke, na katika kusubiri huko aliswali na watu, alikopa, alikopesha, aliposa. Mwaka uliofuata alirudi kwa watoto wake. Miji ya mwambao wetu ilifungwa pamoja na subira hiyo kuliko ilivyofungwa na masultani.

Mimi mwenyewe nimelelewa na njia ya kusini. Mama yangu ni Mmwera wa Lindi, aliyeolewa Dar es Salaam akiwa binti. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakichachamaa basi lingeweza kukwama matopeni siku baada ya siku, abiria wakipika kando ya barabara. Hata hivyo mizigo ilikwenda. Kutoka kwetu zilikwenda sabuni, sukari, madaftari ya watoto wa mjomba, vitenge na dawa. Kutoka Lindi zilikuja korosho, ufuta, ng'onda, na ming'oko, mizizi ya porini ambayo mama aliichemsha siku hiyo hiyo, akaila amesimama kabla hajatugawia. Juu ya bahasha hapakuwa na anwani ya nyumba yetu kwa sababu nyumba yetu haikuwa na anwani. Palikuwa na jina la mama, jina la mtaa, na jina la konda.

Konda yule alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini isiyofanana na kazi yake. Alifahamu nyumba zetu zote mbili, ya Mtoni na ya Lindi, kuliko shangazi zetu wa upande wa baba walivyofahamu ile ya Lindi. Alijua kwamba bibi hapendi kutumiwa sabuni ya unga. Alijua mjomba akisema hali ni nzuri, si nzuri. Mama alikuwa akimwuliza, "Umewaonaje?" na yeye hakujibu haraka, alikaa, akaomba maji ya kunywa, akaeleza alichokiona kwa macho: paa la jikoni limeshuka upande mmoja, bibi anatembelea fimbo sasa, mtoto wa tatu hayupo shule, amepelekwa kuchunga. Barua za mjomba hazikuwahi kusema mambo hayo.

Bibi alipofariki, Redio Tanzania ilikuwa ikitangaza vifo, na watu wengi nchini walipata habari za misiba yao kwa sauti ya mtangazaji, wakiwa shambani au dukani. Sisi tulizipata kwa konda. Basi lilifika Rangi Tatu usiku. Hakumtuma mtoto, hakusubiri asubuhi, alikuja mwenyewe. Mama ndiye aliyefungua mlango. Konda akamwamkia, akasema ameleta mzigo wa baba na unahitaji mwanamume wa kuubeba. Baba alipotoka, wakasogea hadi kwenye mwembe, na huko ndiko alikomwambia. Kisha akaenda kumwamsha jirani, mama wa nyumba ya pili, ili asiwepo mwanamke mmoja peke yake ndani wakati habari inaingia. Hayo yote aliyapanga njiani, kutoka Lindi mpaka Mbagala, akiwa amesimama mlangoni mwa basi akikusanya nauli. Alikuwa anajua mila ya nyumba ile na ya nyumba hii, na alijua mama yangu ni mtu wa kuanguka.

Ndiyo maana ninapoambiwa kwamba simu imemaliza kazi ya watu kama yule, nasita kukubali. Simu imemaliza sehemu ya kazi yake, na ni kheri. Tangu huduma za pesa kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, konda halazimiki tena kulala na bahasha za watu chini ya shati, na mjomba hapotezi siku kusubiri basi ili apate hela ya mbolea. Lakini habari inayokuja kwa simu inamwangukia yeyote anayeipokea, popote alipo, hata akiwa juu ya ngazi. Haimtafuti kwanza jirani. Na habari isiyo na mtu wa kuulizwa ndiyo iliyotuletea ule ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameupata: ile hela tuma kwenye namba hii. Ujumbe huo unajaribu kukaa mahali pa mtu anayepita na kurudi. Unafaulu kwa wengi kwa sababu bado tumezoea kuamini kwamba anayeleta maneno kutoka kwa ndugu anamjua huyo ndugu.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti uliotokana na watu waliobadili kazi katika mji wa Newton karibu na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu waliyemjua, chini ya 17 katika kila 100 waliipata kwa mtu wanayeonana naye mara nyingi. Zaidi ya 55 waliipata kwa mtu wanayeonana naye mara mojamoja, na karibu 28 kwa mtu ambaye humwona kwa nadra. Hoja yake ni kwamba rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe; habari mpya inakuja na mtu wa mbali kidogo, aliye na mguu katika kundi lingine. Mtu yeyote aliyetafuta chumba Dar es Salaam anaelewa. Wa nyumbani watakuambia vyumba vimejaa, muuza kahawa atakuambia kuna Mama fulani Kwa Azizi Ally ya juu mpangaji wake anahama. Ila mimi ningeongeza jambo kwenye hoja ya Granovetter. Uhusiano huo huitwa dhaifu kwa sababu watu hawaonani mara nyingi, wala hawalii pamoja. Kwa hawa ninaowaeleza kuna upande mmoja ambao hauna udhaifu hata kidogo, nao ni ule wa ahadi ya kurudi. Konda wetu hakuwahi kula sikukuu na sisi. Lakini angeacha kupita, angekosekana kuliko wengi tuliokula nao.

Hilo tulilishuhudia Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika na mvua ikaikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga. Mabasi na malori yalisimama pande zote mbili. Simu zilikuwa zinafanya kazi kwetu na Lindi, tukawa tunapigiana mchana kutwa, na bado mama hakupata usingizi. Mjomba sasa ni mzee wa presha, na dawa zake za mwezi huo zilikuwa ndani ya basi lililosimama foleni. Aliyemtuliza mama ni konda, yule yule, kichwa kimejaa mvi. Alipiga yeye. "Mama, dawa nimezitoa kwenye buti, ziko na mimi mbele, hazijaloa. Gari la kwanza likipita, na mimi napita." Dawa zilifika barabara ilipofunguliwa. Serikali ilipeleka mitambo na wahandisi na kazi waliyoifanya pale ilikuwa kubwa, lakini katika nyumba yetu barabara ya kusini ina sura ya mtu, na sauti yake tuliisikia kabla ya greda kumaliza.

Pamoja na hayo, mamlaka za mji huu, tangu ukoloni, zimemtazama mtu anayetembea kwa shaka. Waingereza walikuwa wakiwakamata Waafrika waliowaona hawana kazi mjini na kuwarudisha walikotoka. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na watu wa jiji hili waliokosa kitambulisho cha kazi walikusanywa mitaani na kupelekwa mashambani. Kuanzia Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na kwa mara ya kwanza wengi wao walitembea bila kukimbizwa. Mwishoni mwa 2021 wakaondolewa kando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Sikatai kwamba njia ya waenda kwa miguu ni ya waenda kwa miguu. Mama mwenye miguu mibovu naye anahitaji mahali pa kupita, na maduka yenye kodi yana malalamiko ya haki.

Ninachokipinga ni kule kudhani kwamba machinga ni mzigo wake, kwamba ukimtafutia kizimba kizuri chenye bati umemaliza. Kizimba kinaweza kuhifadhi mashuka. Hakiwezi kuhifadhi ile njia ya Kariakoo, Keko, Mtoni, yenye milango inayomjua na daftari la madeni. Ukimwambia akae, umemgeuza mmoja wa waliokaa, na wale wawili aliokuwa akiwaunganisha wamebaki kila mmoja upande wake. Mtu anayepanga jiji anapaswa kuuliza maswali ambayo sijayasikia yakiulizwa katika mikutano ya mitaa niliyohudhuria: huyu anapita wapi, nani wanamsubiri, akiacha kupita nani atakaa bila habari za nani. Stendi ya mabasi ya mikoani ilipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji, kituo kilichojengwa kilikuwa kikubwa na safi. Lakini kwa mtu wa Mtoni, kupeleka mfuko wa sukari kwenye basi kumekuwa safari ya nusu siku. Mpango ulihesabu abiria. Mizigo midogo ya watu wasiosafiri, ambao ndio wengi, haikuwa na mtu wa kuihesabu.

Wala sisemi kila anayepita ni mwema. Fitina husafiri kwa njia zile zile za salamu, na ninajua ndoa iliyovunjwa na maneno yaliyobebwa kutoka kijiwe kimoja cha kahawa hadi kingine. Lakini hata hapo mtaa una adhabu yake. Aliyebeba yale maneno hakununuliwa kahawa tena upande ule, akalazimika kutafuta mitaa mingine, na mitaa mingine ikamwuliza kwa nini amehama.

Konda wetu ameacha kazi. Magoti yamechoka, na watoto wake wamemjengea chumba Mkuranga. Kabla hajaacha alikuja nyumbani na kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa shati safi, akamkalisha kwenye mkeka. "Mama," akasema, "huyu ndiye mimi sasa." Mama akamwuliza kijana kwao wapi, baba yake nani, amesoma wapi Kurani. Kijana alijibu taratibu. Kisha konda akaanza kumkabidhi nyumba yetu, mbele yetu, kwa sauti ile ile ya chini. Mama mdogo wa Lindi apigiwe gari likifika Mchinga na si kabla, maana atatoka kukaa juani bure. Mjomba hasomi ujumbe, apigiwe, na asikie sauti mara mbili kwa sababu sikio la kulia halifanyi kazi. Ming'oko ikija isirundikiwe mizigo mingine. Dawa zisiwekwe kwenye buti, kuna joto. Kukiwa na habari mbaya, aanze na mimi, baba hayupo tena.

Kijana aliandika baadhi ya mambo kwenye simu yake, mengine akayarudia mdomoni. Mama alimpa mzigo wake wa kwanza siku hiyo: sukari kilo mbili na vitenge vya mama mdogo. Dawa za mjomba, ambazo zilikuwa tayari zimefungwa juu ya kabati, hakumpa. Alizipeleka mwenyewe Mbezi, akazituma kwa basi lingine na kulipia risiti. Mwezi uliofuata, vitenge vilipokwisha kufika na mama mdogo amethibitisha rangi zake kwa simu, dawa nazo zikapewa kijana.